Mkono wa Kulia wa Anansia

Mwanangu Godlisten,

Mmeteremka Bomang'ombe na Upendo kufuata tiketi, na mmeniachia mtoto. Amelala chumbani kwangu, mlango nimeuacha wazi, namsikia anavyopumua. Ni saa nane mchana. Nadhani ninayo masaa mawili kabla hamjarudi. Barua hii nimeianza mara tatu tangu Jumapili na mara tatu nimeitia motoni. Leo sina tena ujanja, kwa sababu kesho alfajiri mnaondoka, na nisipoandika leo sitaandika kabisa.

Sitakwambia mambo ya kuchemsha maji wala ya kufunga chandarua. Upendo anayajua hayo kuliko mimi, na wewe ni mwalimu, kuna watu serikali imekuamini uwafundishe. Nimekufungia kahawa na unga wa ndizi kwenye ndoo ya bluu, basi, hayo yameisha.

Ninaogopa, Godi. Nimeona nianze na hilo ili usije ukafikiri ni hasira au ni uchungu wa mama anayeachwa na kitinda mimba wake. Watu wamekusema sana kwamba mtoto wa mwisho ndiye wa kubaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, na mama, na wewe unakimbilia Tunduru. Mimi sijakusema hata siku moja. Ninachoogopa kimelala hapo chumbani na kina miezi kumi.

Alipozaliwa ulimpa jina langu, kama tunavyofanya sisi wa huku mlimani, binti wa kwanza ni wa mama wa baba. Nilijifanya sijali. Nikapika mtori sufuria mbili, nikalia nyuma ya banda la ng'ombe. Na Upendo kwa heshima yake hawezi kutamka jina la mkwewe, kwa hiyo anamwita mtoto "Mama". Mpaka leo nikisikia huko ndani, "Mama, umejikojolea tena?" nageuka.

Unakumbuka siku aliponyakua kijiko changu kwa mkono wa kushoto? Alikuwa na miezi sita. Ulimbeba ukatoka naye mbio mpaka kwa majirani, unasema, "Njooni muone, jina limeingia!" Maana kila mtu anajua mimi ni wa kushoto. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya mkono huu, na mama yangu mzazi aliwahi kuufunga kitambaa mwezi mzima, na bado ndio ninaokuandikia nao sasa hivi. Upendo akasema, "Mama, huyu ni wewe tupu." Nilicheka kuliko wote. Nilijisikia nimerudishiwa kitu nilichonyang'anywa nikiwa darasa la kwanza.

Lakini mwanangu, nilicheka nikiwa najua.

Hujui kwamba zamani, kabla hujazaliwa, nilikuwa mhudumu wa kujitolea kliniki. Kaka yako Elisaria alikuwa bado mchanga. Ulikuja mradi mmoja, wakatuchagua akina mama sita, wakatufundisha wiki mbili namna ya kumtazama mtoto mdogo anavyokua. Si uzito tu. Tulifundishwa mtoto wa mwezi fulani anatakiwa awe anafanya nini, na asipofanya tumpeleke wapi. Kila mmoja alipewa mkoba. Ndani yake kulikuwa na furushi la uzi mwekundu, kikombe, vibao vitatu vya mbao, na kikopo chenye punje za mahindi. Uzi ni wa kuona kama macho yanafuata. Kikopo ni cha masikio. Nilijivunia mkoba ule kuliko kitenge cha harusi.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja kijana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mkali. Alituambia jambo ambalo sijalisahau. Mtoto wa miezi sita hachagui mkono. Anachukua kwa mkono ulio karibu na kitu, leo huu, kesho ule. Kuchagua kunakuja baadaye sana. Mtoto mchanga akichagua mkono mmoja mapema hivyo, usishangilie mkono anaoutumia. Kautazame ule mwingine.

Kwa hiyo jioni ile mlipokuwa mnacheka, nilikwenda kuutazama ule mwingine. Nilimwogesha mimi, utakumbuka nilivyong'ang'ania. Mkono wake wa kulia unafumba ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Nikaufungua kwa maji ya vuguvugu, ukajifunga. Tangu hapo nimeutazama kila siku. Mkono wa sweta wa kulia unamsumbua kuvaa, Upendo anasema sweta limebana. Sasa anatambaa, lakini anajivuta kwa kiwiko cha kushoto na mguu wa kulia unafuata nyuma, na wewe unamwita komandoo. Mwezi uliopita nilifanya jambo moja mkiwa shambani. Nilimkalisha, nikaushika mkono wake wa kushoto taratibu, nikamwekea kipande cha ndizi mbivu upande wa kulia. Aliiangalia ndizi. Akaniangalia mimi. Akavuta mkono niliouzuia, akashindwa, halafu akainama akaifuata ndizi kwa mdomo.

Nilimwachia mkono upesi. Nikampa ndizi yote na nyingine juu yake.

Sasa utaniuliza kwa nini nimekaa kimya muda wote huo. Una haki. Ili nikujibu inabidi nikwambie habari ya kaka yako, na hii si ile uliyosimuliwa.

Wewe unajua Elisaria ni kiziwi tangu utoto na kwamba tulikuja kugundua siku ya mti. Hiyo ndiyo hadithi ya nyumbani kwetu. Baba yako, Mungu amrehemu, aliisimulia hivyo mpaka anakufa, na aliisimulia kwa moyo mweupe kwa sababu yeye ndivyo alivyojua.

Mimi nilijua miaka minne kabla ya mti.

Alikuwa na miezi tisa. Nilikuwa nimetoka kliniki na mkoba wangu, nikaona nimpime na wa kwangu. Kanuni ya kikopo ni rahisi. Mtoto anakaa, mtu anamchezesha mbele, wewe unakaa nyuma yake mahali asipokuona, unatikisa karibu na sikio. Anageuka. Baba yako alikuwa anamchezesha kwa kofia. Nikatikisa. Hakugeuka. Nikaenda sikio la pili, nikatikisa kwa nguvu mpaka kuku mlangoni akaruka. Hakugeuka. Baba yako akacheka akasema, "Mwache. Baba yangu mwenyewe haitiki mpaka aitwe mara tatu. Huyu ni mzee Elisaria mtupu."

Maana alikuwa na jina la babu yake, na babu yake alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku. Kijiji kizima kilimjua. Tangu siku ile mtoto kila alipokaa kimya, ilikuwa ni babu. Akifika mwaka hasemi mama, ni babu. Anaitwa hageuki, ni babu na ukaidi wake. Na mzee mwenyewe alikuwa anafurahi, anamwekea mkono kichwani, anasema kwa Kichagga kwamba huyu hatakuwa mpiga domo.

Lakini nilikuwa nakusimulia kikopo. Niliposikia maneno ya baba yako nilitikisa mara ya tatu. Safari hiyo mkono wangu niliusogeza mbele kidogo. Kidogo tu, kama upana wa kitabu cha nyimbo. Elisaria akauona mkono kwa pembe ya jicho, akageuka, akanichekea. Nikachukua kadi yake, nikaweka alama ya vema kwenye mstari wa masikio.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimewaambia akina mama wa watu, ana kwa ana, "Mama, mpeleke hospitali, usiogope." Wa kwangu nikamsogezea kikopo. Niliogopa nini? Niliogopa kwamba nikishaandika pale, litakuwa kweli. Nilifikiri lisipoandikwa litapata nafasi ya kujirekebisha lenyewe. Na nilikuwa na jina la mzee la kujifichia, zuri, la heshima, ambalo hakuna mtu angethubutu kubishana nalo.

Baada ya hapo sikuweza tena kumtikisia mtoto wa mtu kikopo. Nilirudisha mkoba kabla mwaka haujaisha. Nilisema ni kwa sababu ng'ombe amezaa na sina muda.

Siku ya mti alikuwa anakaribia miaka mitano. Mafundi walikuwa wanakata mgrevilea juu ya banda. Tulikuwa tumewazuia watoto, sijui alipita wapi. Niliposikia mti unalia niligeuka nikamwona ameinama chini yake, ametupa mgongo, anaokota kahawa moja moja anaweka kwenye kofia ya baba yako. Tulipiga kelele wote. Mafundi, baba yako, mimi, mzee mwenyewe aliita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Elisaria, Elisaria. Alikuwa anaokota kahawa. Mti ulianguka hatua nne kutoka alipokuwa, na aligeuka pale ardhi ilipotikisika. Alituangalia kwa mshangao, tumesimama wote midomo wazi.

Mwaka uliofuata tulimpeleka shule ya viziwi. Mwalimu wake alinieleza jambo, Godi, ambalo ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Alisema walichukua miezi kumfundisha jambo la kwanza, kwamba kila mtu ana jina. Kwamba na yeye analo. Miaka mitano tulikuwa tunamsifia jina la babu yake, na mwenye jina hajui kama ana jina. Hakuwa na namna ya kuniambia ana kiu zaidi ya kunivuta kanga. Alikuwa akiota ndoto mbaya analia na mimi namnyamazisha kwa maneno.

Alipomaliza ufundi seremala akafungua karakana yake Kwa Sadala, nilikata tawi la isale hapo mpakani kwetu, nikafunga fundo kama inavyotakiwa, nikamfuata. Ulikuwa darasa la sita, ukadhani nimekwenda mnadani. Anaijua isale, amewaona watu wakisuluhishwa nayo, anajua mtu akikuletea hiyo amekuja kuomba msamaha na huwezi kumkatalia. Aliiangalia akaniuliza kwa mikono, kosa gani? Mimi lugha ya alama naijua ya kuombea chumvi. Sikuwa na alama za kusema nililotaka. Basi nikachukua kopo la misumari mezani kwake. Nikamzunguka nyuma, nikalitikisa karibu na sikio. Nikarudi mbele nikamwonyesha mtoto mdogo, kimo hiki. Nikaenda tena nyuma, nikatikisa, halafu nikausogeza mkono mbele, taratibu, mpaka akauona. Nikaandika vema hewani.

Alikaa juu ya ubao, akanitazama. Sijui kama kuna mtu amewahi kuniangalia vile. Halafu akapokea. Ile isale aliichomeka kwenye kona ya karakana, ndiyo ile unayoiona imepita dirisha. Wewe ulimwambia aikate inaziba mwanga, akakataa, ukamwita mbishi.

Alinisamehe. Lakini msamaha haukumrudishia ile miaka mitano, na sitaki ufikiri kwamba nasema kwa kuwa mambo yaliisha vizuri. Kuna maneno ambayo Elisaria hajayapata mpaka leo kwa sababu yalitakiwa yaingie mapema.

Sasa narudi kwa mwanao.

Tangu ile siku ya ndizi nimejiona nikifanya tena vilevile. Mkisema ni mashoto kama bibi, nanyamaza. Upendo akimnyooshea kitu upande wa kulia, mimi nakihamisha kushoto asihangaike. Nakihamisha kwa upole kabisa, mwanangu, kama mtu mwema. Na jina la kujifichia safari hii ni langu mwenyewe.

Kingine ninachoogopa ni Upendo. Uchungu wake ulikuwa mrefu, usiku na mchana, na mtoto hakulia mapema. Nikisema neno mimi mkwe, atasikia namlaumu tumbo lake. Watamuuliza alikula nini, alibeba nini, kwao kuna nini. Nakuomba jambo moja la kiume: siku hiyo ikija, simama mlangoni. Asiulizwe hilo swali na mtu yeyote, na nikiteleza nikauliza mimi, nifukuze hata mimi.

Alhamisi iliyopita niliwaambia nakwenda kuuza ndizi Kwa Sadala. Ndizi nilimpa Elisaria. Nilikwenda hospitali kumtafuta yule mama aliyetufundisha. Bado yupo, ana mvi, ukali umebaki uleule. Hakunikumbuka, au amekuwa na adabu. Nikaanza kumweleza. Akaniuliza, "Umekuja na mtoto?" Nikasema sikuja naye. Akasema, "Sasa nikwambie nini, mama? Mimi siangalii bibi."

Lakini aliona nimekaa tu siondoki. Akaweka kalamu chini. Alisema inawezekana ni kitu na inawezekana si kitu, hawezi kujua mpaka amshike. Ila kama ni kitu, wakati wake ndio huu. Mtoto wa umri huu bado anajifunza mwili wake, ukimfundisha mkono sasa kwa michezo na mazoezi kila siku, anaweza kuukubali. Ukichelewa anausahau kwamba ni wake. Nilimuuliza unapona? Akasema yeye hauzi ahadi, anafundisha mikono. Anaona watoto wadogo kila Alhamisi.

Alhamisi ni kesho kutwa. Wewe unatakiwa kuripoti Jumatatu.

Sisemi Tunduru hakuna wataalamu, watakuwepo. Ila mtafika mko wageni, utatafuta nyumba, utapangiwa vipindi, Upendo hajui mtu. Atakayemwona mtoto atamwona wa kushoto, na nyinyi mtajibu kwa furaha kwamba ni jina la bibi yake. Mwaka utapita hivyo. Naujua huo mwaka unavyopita, hausikiki.

Mwanzoni nilipanga barua hii niifiche kwenye ndoo ya bluu chini ya kahawa, uikute huko huko. Nilikuwa nimeshapasua mfuko. Halafu nikaona ni mkono uleule, ninausogeza tena.

Kwa hiyo nitaiweka mezani, chini ya kikombe chako. Mkirudi nitamtuma Upendo akanikatie majani ya ng'ombe, wewe utakunywa chai na kusoma. Unaweza kunikasirikia. Unaweza kusema mama amezeeka anazusha mambo ili tusiondoke, na sitakulaumu, ningekuwa wewe ningesema hivyo. Ndiyo maana sitaki uniamini mimi. Nilishawahi kuaminiwa.

Ukimaliza kusoma toka nje. Nitakuwa uani na Anansia kwenye mkeka, na kipande cha ndizi kitakuwa kwenye sahani. Mimi nitaushika mkono wake wa kushoto, taratibu, hataumia. Wewe mwekee ndizi upande wa kulia. Usimtazame usoni, atakuchekesha, ana macho ya baba yako. Utazame mkono. Ukifunguka ukachukua, nichekeni mpaka Tunduru na kesho nitawasindikiza nikiimba. Usipofunguka, mwite Upendo, umwambie wewe mwenyewe, halafu upige simu ubadilishe tiketi ziwe za Ijumaa.

Atahangaika kidogo, na wewe utataka kumsaidia. Usimsaidie. Nami nakuahidi, mbele ya jina langu alilolibeba, safari hii sitaisogeza ndizi.

Nasikia ameamka. Ananiita, kwa kelele tu, lakini ananiita.

Ni mimi mama yako,
Anansia mkubwa.